Mpagazi Hana Kizibo

Ndugu msomaji, mimi ni mtu wa Pangani. Najua ukisikia jina hilo mawazo yako yanakimbilia baharini, kwenye minazi, na kwa Abushiri bin Salim aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 15 Desemba 1889. Basi nakuomba uyarudishe. Pangani hiyo ni ya Tanga. Ya kwangu ni Pangani ya Kibaha, mkoa wa Pwani, ambayo haina bandari wala manowari, na mkazi wake akitaka kuona mawimbi sharti apande basi.

Sijaanza na jambo hili kwa utani. Ndilo lililonitia aibu mbele ya washikaji, na bila aibu ile makala haya yasingekuwapo.

Nilipomaliza kidato cha nne matokeo hayakunipeleka mbali. Nikapata kibarua katika duka moja la steshenari pale Maili Moja. Mchana natoa kopi za vyeti vya watu, usiku naandika riwaya. Riwaya yenyewe ni ya kijana wa huku kwetu anayeingia jeshini mwaka 1916, wakati Waingereza na Wajerumani wanapigana juu ya ardhi yetu. Sasa, katika kitabu kimoja cha historia nilikuwa nimesoma kwamba manowari za Waingereza ziliiteka Pangani mwezi Julai 1916. Loo, furaha niliyopata! Kumbe vita vilifika kwetu! Nikaandika sura nzima ya tatu, kurasa 22 kwa mkono. Mizinga ya meli inanguruma, kuku wanaruka ovyo, shujaa wangu anatoka mbio kulinda kijiji.

Nilimpa rafiki yangu mmoja asome. Ni dereva wa bodaboda, naye hana uvumilivu. Alifika ukurasa wa pili akaniangalia.

"Kaka, hizo meli zilipita wapi? Barabara ya Morogoro?"

Kijiwe kizima kilicheka. Mimi nilirudi nyumbani nikazichana zile kurasa 22. Siku hiyo niliapa kwamba sitaandika neno jingine la riwaya mpaka niwe na ramani, na mpaka nijue kila siku ya mwaka ule nani alikuwa wapi na alifikaje hapo. Ndivyo nilivyoanza kutengeneza mchezo wa vita.

Usishangae. Michezo ya namna hii ina historia ndefu. Kule Prussia, ambayo baadaye ikawa sehemu ya Ujerumani, ofisa mmoja kijana aitwaye von Reisswitz alitoa kitabu cha kanuni mwaka 1824, akiendeleza kazi aliyoianza baba yake. Mchezo wao waliuita Kriegsspiel, maana yake mchezo wa vita. Palikuwa na ramani ya kweli yenye vilima na mito, vipande vidogo vya kuwakilisha vikosi, dadu, na mwamuzi. Jeshi la Prussia liliupenda, likawafundishia maofisa wake. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu chake Little Wars kuhusu kupigana kwa wanasesere wa askari sakafuni, na mwaka mmoja tu baadaye vita vya watu wazima vikalipuka. Mwaka 1954 Mmarekani Charles S. Roberts alitoa mchezo wa Tactics, wa kuchezwa na watu wa kawaida majumbani. Mwaka 1961 kampuni yake ya Avalon Hill ikatoa toleo la mchezo wa Gettysburg ambalo ramani yake haikugawanywa kwa miraba kama ya drafti, bali kwa maumbo yenye pembe sita.

Kwa nini pembe sita? Chukua ubao wa drafti. Kizibo kikienda mbele mraba mmoja kimetembea kipimo kimoja. Kikienda kwa mshazari kimetembea zaidi, ingawa nacho kimehesabiwa mraba mmoja. Katika drafti si neno. Katika vita ni udanganyifu, kwa sababu jeshi linalokwenda mshazari linapewa safari ya bure. Umbo la pembe sita lina majirani sita, na kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jirani yake ni umbali uleule upande wowote. Sisi tunaliita "chumba", kwa kuwa linafanana na vyumba vya sega la nyuki.

Niliunga manila nne kwa gundi. Kila chumba nilikipa upana wa sentimita 4, ili kizibo cha soda kikae bila kupanda juu ya jirani. Kipimo: chumba kimoja ni kilomita 10. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni kama kilomita 200, kwa hiyo vyumba 20. Kusini nilishuka mpaka Mto Rufiji. Vizibo tunavyo tele. Vya rangi moja ni Waingereza, vya rangi nyingine Wajerumani, na kila kimoja ni askari 100.

Ramani ya kwanza nilikosea tena. Nilitazama ramani ya siku hizi, nikachora Barabara ya Morogoro kama ilivyo, na miji yake yote: Kibaha, Mlandizi, Chalinze. Majeshi yangu yalikuwa yanateremka juu ya lami kama mabasi. Nikaipeleka kwa mzee mmoja mcheza bao anayekaa jirani, mtu ambaye haongei mpaka amalize zamu yake. Nilimwamkia, nikangoja. Mwishowe akaitazama.

"Mjukuu wangu, hii lami umeitoa wapi?"

"Ndiyo barabara, babu."

"Hata baba yangu hakuikuta. Zama za Mjerumani njia ilikuwa reli."

Alikuwa na haki. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, mwaka uleule vita vilipoanza. Reli hiyo haipiti Maili Moja. Inapita kusini, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere. Treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, nayo ina vituo Pugu, Soga na Ruvu. Nikafuta lami. Nikachora reli kwa wino mweusi, nikachora Mto Ruvu kwa bluu, na mahali vinapokutana nikaweka daraja. Hapo ndipo nilipojifunza somo la kwanza la kazi hii: ramani ya leo haikuonyeshi jana. Nusu ya kazi ni kufuta.

Kisa cha kwanza tulichocheza hakikuwa cha huku. Nilianza na vita vya Tanga, Novemba 1914, kwa kuwa ni vifupi na vinajulikana. Nilichora ramani yake mbali, yenye kipimo kidogo, kutoka Ras Kasone mpaka mjini. Waingereza walileta kwa meli kutoka India kikosi cha watu wapatao 8,000, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Kwa mchezo wetu, vizibo 80. Upande wa pili Kanali Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa na askari wapatao 1,000, Waafrika wengi na Wazungu wachache. Vizibo 10. Washikaji walipoona meza ilivyo walianza kugombania upande wa Waingereza.

Mara tatu tulicheza, mara tatu Mwingereza alishinda kabla chai haijapoa. Sasa mchezo wa kihistoria unaotoa jibu tofauti na historia kila siku una ugonjwa. Ikabidi nirudi vitabuni nitafute ni nini kilichomshinda yule mwenye vizibo 80.

Kumbe mambo yalikuwa mengi. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba nahodha wa manowari Fox aliteremka kuwaambia Wajerumani kwamba makubaliano ya kutoushambulia mji yamefutwa. Yaani adui alipewa taarifa! Wajerumani wakatumia reli ya Usambara kuleta askari kutoka Moshi, kilomita zaidi ya 350. Askari wa kutoka India walikuwa wamekaa melini wiki nyingi, wamechoka, wengine hawajawahi kupigana pamoja. Waliteremshwa mahali penye vichaka, bila kupeleleza vya kutosha. Shambulio la tarehe 3 lilirudishwa, na lile kubwa la tarehe 4 likavunjika. Tarehe 5 walipanda meli wakaondoka, wakiacha nyuma bunduki, mizinga ya rashasha na risasi nyingi sana. Waingereza waliouawa na kujeruhiwa walizidi 800, upande wa Wajerumani hawakufika 150.

Nikaandika kanuni mpya. Vizibo vya Mjerumani vikae kifudifudi, Mwingereza asijue kipi ni askari na kipi ni kizibo kitupu mpaka akifikie. Kila zamu Mjerumani apokee vizibo viwili kutoka kituo cha reli. Vizibo vya Mwingereza vilivyoteremka usiku visitembee zaidi ya chumba kimoja. Na nyuki.

Ndiyo, nyuki. Waliokuwapo walisimulia kwamba milio ya risasi iliwachokoza nyuki wakashambulia watu vitani. Wengine hupenda kusema nyuki walikuwa upande wa Wajerumani, lakini Lettow-Vorbeck mwenyewe aliandika kwamba hata watu wake wa bunduki za rashasha walisumbuliwa. Basi kanuni yangu ni kwamba ukipigana kwenye chumba chenye miti na dadu likatoa sita, wote wawili mnakimbia. Kanuni hii ilizua ugomvi kwa sababu ya Kiswahili chetu. Kwenye ramani nilikuwa nimeandika "mzinga", na rafiki yangu fundi pikipiki akadai hapo pana mzinga wa kufyatulia, kwa hiyo apewe dadu mbili. Ilibidi nichore nyuki mdogo pembeni ili kumaliza kesi.

Baada ya marekebisho hayo Mwingereza alianza kushindwa, si kila siku, lakini mara nyingi. Nilijiona nimekuwa mwanahistoria. Nikahamia kisa cha pili, kile nilichokuwa nakitaka tangu mwanzo, yaani mwaka 1916 na huku kwetu.

Habari zake kwa ufupi ni hizi. Februari 1916 Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini alichukua uongozi wa majeshi ya Waingereza, na mwezi Machi akaanza kusukuma kutoka Kilimanjaro. Bagamoyo ilitekwa tarehe 15 Agosti, Morogoro tarehe 26 Agosti, na Dar es Salaam ikasalimu amri tarehe 4 Septemba. Wabelgiji waliotoka Kongo waliingia Tabora tarehe 19 Septemba. Reli ya Kati yote ikawa imepotea kwa Wajerumani, lakini walipokuwa wakirudi nyuma walilipua madaraja. Lettow-Vorbeck hakusubiri kuzingirwa Morogoro. Alipita pande za Milima ya Uluguru mpaka Kisaki, na kutoka hapo kuelekea Rufiji, akimvuta adui nyuma yake.

Tulicheza kisa hiki barazani kwa bibi yangu Jumapili moja. Bodaboda alikuwa Mwingereza, Fundi alikuwa Mjerumani. Zamu moja ni siku tano. Bodaboda aliteka Morogoro, akanusa ushindi, akavisukuma vizibo 40 kusini kupita milima, zamu ya pili, zamu ya tatu, mpaka Rufiji. Askari 4,000. Alikuwa anacheka. Bibi alikuwa anapepeta mchele hapo pembeni, hatumdhanii kama anafuatilia.

"Hao watu wenu," akasema, "wanakula nini?"

Tukanyamaza.

"Bibi, huu ni mchezo tu," Bodaboda akajibu.

"Najua ni mchezo. Nauliza wanakula nini. Chakula kinakuja chenyewe?"

Halafu akatueleza jambo ambalo miaka yote niliyoishi naye hakuwahi kulisema. Babu yake alichukuliwa katika vita ile. Hakuwa askari. Alibeba mzigo. Alirudi, tofauti na wenzake wengi, lakini mpaka anazeeka hakukubali kula ugali ambao hakuuona ukipikwa. Alikuwa akikaa jikoni na wanawake, jambo la ajabu kwa mwanamume wa enzi zile, akihesabu muda mpaka ahakikishe umeiva. Watoto walimcheka. Alikuwa akiwaambia, "Unga mbichi umeua watu kuliko risasi."

Siku iliyofuata sikwenda kazini. Nilikwenda maktaba.

Ndugu msomaji, katika shule nilifundishwa majina ya majenerali. Sikumbuki kama niliwahi kuulizwa swali la mtihani kuhusu wapagazi. Lakini vita ile, kusini ya reli, ilikuwa vita ya wapagazi. Farasi na ng'ombe walikufa kwa ndorobo, mbung'o wakiwamaliza kwa maelfu. Magari yalikuwa machache, na mvua ikinyesha yalizama. Mwanzoni mwa 1917 Rufiji ilifurika vibaya. Kilichobaki ni kichwa na bega la mtu. Waingereza peke yao walitumia watu wapatao milioni moja katika miaka yote ya vita, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini, Kongo, hata Afrika Magharibi, na kutoka humu humu nchini mwetu kila walipoteka eneo. Waliokufa wakiwa katika utumishi wao wanakadiriwa kuzidi 95,000, wengi kwa kuhara damu, homa ya mapafu na malaria. Waliozoea ndizi au wali walipewa posho ya unga wa mahindi, bila kuni za kutosha wala muda wa kuupika. Babu yake bibi alikuwa anasema kweli tupu. Wapagazi wa upande wa Wajerumani hawakuhesabiwa hata hivyo.

Nikachukua kalamu nikapiga hesabu, maana mchezo hauchezwi kwa huruma, unachezwa kwa namba. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25. Tuseme anakula kilo moja kwa siku. Kambi ikiwa siku tano kutoka ghalani, anakula kilo tano kwenda na tano kurudi. Anafikisha kilo 15. Askari 1,000 wanahitaji kilo 1,000 kila siku, kwa hiyo kila siku wafike wapagazi 67. Na kwa kuwa kila mmoja anatumia siku kumi kwenda na kurudi, unahitaji watu 670 njiani wakati wote.

Sasa sogeza kambi iwe siku kumi. Mpagazi anakula kilo kumi kwenda, kumi kurudi. Anafikisha kilo tano tu! Kila siku wafike 200, na safari ni siku 20. Unahitaji wapagazi 4,000. Umbali umeongezeka mara mbili, watu wameongezeka karibu mara sita. Ukiisogeza kambi ifike siku 12 na nusu, mpagazi hafikishi kitu, mzigo wote ni chakula chake mwenyewe cha kwenda na kurudi. Na hapo sijaweka risasi, dawa, mahema, wala viti vya maofisa. Wala sijamweka mpagazi anayeugua njiani.

Wale askari 4,000 wa Bodaboda waliofika Rufiji wakicheka, kwa hesabu hii, wangehitaji nyuma yao wapagazi wengi kuliko wao wenyewe. Vizibo havikutosha. Nilipita kwenye genge, kwenye baa, kote. Mwisho nikaamua wapagazi wawe punje za mahindi, punje moja watu 100.

Tulipocheza tena, mambo yalibadilika kabisa. Ramani ilijaa punje. Bodaboda alilalamika kwamba sasa anacheza uchukuzi, si vita. Kila akitaka kushambulia lazima kwanza ahesabu punje, asogeze punje, ang'oe punje dadu linapotoa ugonjwa. Katikati ya zamu ya nne kuku wa bibi akapanda barazani, na kabla hatujamfukuza akadonoa sita au saba kati ya Morogoro na Kisaki.

Tulicheka sana. Bodaboda akanyoosha mkono.

"Si kitu, leta nyingine."

Bibi hakusema neno. Mimi ndiye niliyeacha kucheka. Punje saba ni watu 700. Si kitu, leta nyingine. Nilijiuliza ni mara ngapi maneno hayo yalisemwa mwaka ule, kwa Kiingereza na kwa Kijerumani, na watu ambao hawakuwa wabaya sana, walikuwa wanataka tu kumaliza zamu yao.

Usiku ule niliandika kanuni ya mwisho, na ndiyo iliyokaribia kuuvunja mchezo. Hakuna tena mfuko wa punje. Kila punje lazima itoke katika kijiji kilichoko kwenye ramani. Nilichora vyumba 30 vyenye vijiji, kila kimoja punje tatu. Ukihitaji wapagazi unaweka kidole juu ya kijiji, unakitaja, unachukua. Kijiji kilichotolewa punje mbili hakilimi msimu unaofuata, na jeshi linalopita hapo halipati chakula. Kijiji kilichotolewa zote tatu unakipiga msalaba kwa kalamu. Hakirudi.

Hili sikulibuni. Ugogoni majeshi ya pande zote mbili yalichukua watu, ng'ombe na nafaka, mvua nayo ikakataa, ikaja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, kuanzia 1917. Watu walikufa kwa maelfu mengi. Kisha mwaka 1918 mafua makubwa ya dunia nzima yakawakuta waliobaki wakiwa dhaifu. Katika vitabu vya vita mambo hayo huwekwa sura ya mwisho, au hayawekwi. Kwenye ramani yangu yako katikati.

Jumapili iliyofuata tulicheza mpaka jua likazama. Fundi, aliyekuwa Mjerumani, alikuwa anarudi nyuma vizuri, akila vijiji njiani. Bodaboda alikuwa amebakiwa na vijiji vichache vyenye punje. Alihitaji mbili ili alishe vizibo vyake Rufiji, na karibu ya reli palibaki kijiji kimoja kizima, kati ya Soga na Mto Ruvu, pande zetu. Alinyoosha kidole. Akakirudisha.

"Hapa ni kwetu," akasema.

"Kwani vile vingine vilikuwa vya nani?" Fundi akamuuliza.

Bodaboda alikaa muda mrefu. Halafu akavirudisha vizibo vyake kaskazini, akasema amekubali sare. Kwa kanuni zangu alikuwa ameshindwa, maana Lettow-Vorbeck alikuwa anaponyoka. Na katika historia aliponyoka kweli. Alivuka Mto Ruvuma Novemba 1917, akasalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 pale Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, nchini Zambia, siku 14 baada ya vita kwisha Ulaya. Wengi humsifu kwa hilo. Mimi simvunjii sifa zake za kijeshi, lakini kila ninaposoma kwamba alipigana miaka minne bila kushindwa, kidole changu kinatafuta vijiji.

Washikaji wameniomba niondoe kanuni ya vijiji, mchezo uwe mtamu kama zamani. Fundi ana hoja, na sitaki kumdhulumu. Anasema mchezo ni wa kuburudika, mtu akitaka kuhuzunika aende matangani. Anasema pia kwamba hata kwenye bao tunakula kete za mwenzetu na hakuna anayelia. Nimemjibu kwamba kete za bao hazikuwahi kuwa babu wa mtu. Hatujakubaliana. Kwa sasa mchezo una namna mbili, ya haraka na ya vijiji, na naona ya haraka inachezwa zaidi. Sioni haya kulikiri.

Ukienda Dar es Salaam mjini utaikuta Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927. Aliyesimama juu ameshika bunduki yenye singe. Nairobi nako kuna sanamu, na pale mpagazi yumo, amesimama pamoja na askari. Hapa kwetu jina la wapagazi tunalo, tena tunalitaja kila siku tukienda kununua vitenge na simu, bila kujua. Ni Kariakoo. Linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi cha Waingereza, waliokuwa na kambi mahali pale. Makondakta wanaliita tangu alfajiri mpaka usiku. Labda hakuna sanamu inayotajwa mara nyingi hivyo.

Na riwaya yangu? Nimeianza upya. Shujaa hana bunduki tena. Ana mzigo wa kilo 25, na kila jioni anapiga hesabu kilichobaki baada ya yeye mwenyewe kula. Kila sura naiandika ramani ikiwa mezani. Najua siku hiyo yuko chumba gani, daraja limevunjika au zima, ghala liko mbali kiasi gani. Sura ya tatu imerudi kuwa kurasa 22, na safari hii hakuna meli inayopita Barabara ya Morogoro.

Nawe kijana mwenzangu unayetaka kuandika au kuchora mambo ya kale, nakuomba jambo dogo. Kabla hujapanga vikosi, muulize bibi au babu yako swali lile nililoulizwa mimi: hao watu wanakula nini? Ukipata jibu, andika haraka. Wenye majibu hawako wengi, na hawatungoji.